Vile nilivyomhamishia mpwa wangu Kisiwani mpaka Kisumu

Dadangu alinipigia simu niko Mwembe Tayari hapa Mombasa natafuta chaja, akaniambia shemeji amepewa uhamisho, kazi sasa ni Kisumu na wanahama wote kabla shule hazijafunguliwa. Nikamwambia mungu awafanyie wepesi, nikauliza nyumba, nikauliza mizigo itaendaje, halafu mpwa wangu akachukua simu na neno lake la kwanza halikuwa shule wala marafiki. Akaniuliza, "Mjomba, na Kisiwani je?"

Kisiwani ni dunia yetu ya Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa bloku. Tumeijenga miaka mitatu mimi na yeye, kila Jumamosi baada ya alasiri, yeye na simu ya mamake na mimi na tableti, tumewasha hotspoti tumekaa barazani. Na si vijumba viwili vitatu tu. Kwenye hii gemu bloku moja ni sawa na mita moja, kwa hivyo tulikuwa tunaenda Ngomeni kweli, tunatembea ubavuni mwa ukuta wa Fort Jesus yeye akihesabu hatua mimi naandika, tukirudi nyumbani tunajenga. Tulitumia mawe ya mchanga manake rangi yake ndiyo iliyokaribia yale mawe ya matumbawe Wareno waliyojengea kati ya 1593 na 1596. Tukajenga daraja la Nyali, tukajenga feri mbili Likoni, tukajenga lile daraja la kuelea la Liwatoni. Makupa tulikuwa tumeijaza udongo kama ile njia ya zamani, lakini tulipopita kwa matatu tukaliona daraja jipya mtoto akasema hapana, tubomoe, tujenge lililopo. Tukabomoa. Ilituchukua Jumamosi nne.

Sasa ndiyo mjue kwa nini nilishtuka. Kisiwani yote ilikuwa ndani ya tableti yangu, haikuwa mahali pengine popote duniani.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea na mimi nilikosea vilevile zamani, kabla ya Kisiwani. Tulikuwa na dunia nyingine, ndogo, ya kijiji na mashua, ilikuwa kwenye simu yangu ya kale. Simu ikajaa, kila saa inaniambia nafasi hakuna, nikaitoa gemu nikijua nitairudisha nikishapunguza picha, si nina akaunti? Nikairudisha, nikaingia na akaunti yangu ya Microsoft, na kweli skin niliyonunua, yaani vazi la mchezaji wangu, ikarudi, marafiki wakarudi, kila kitu kikarudi isipokuwa dunia. Orodha tupu. Mpwa wangu alikuwa mdogo sana wakati ule, aliingia chini ya kitanda akalia mpaka akalala hukohuko. Wallahi sijasahau.

Manake akaunti inabeba ulivyonunua, haibebi ulivyojenga. Kwenye simu na tableti dunia ni mafaili ya kawaida tu yanayokaa kwenye storeji ya kifaa chenyewe, na kama yamehifadhiwa ndani ya eneo la apu basi ukiitoa apu yanaondoka nayo. Kwenye Xbox mambo ni tofauti kidogo, huko dunia zinapanda zenyewe kwenye akaunti, lakini sisi wa simu hatuna bahati hiyo.

Basi. Nikawa na wiki mbili kabla hawajahama. Nikajiambia hii safari sitokisia chochote.

Njia rahisi ipo ndani ya gemu yenyewe na kwa wengi wenu itatosha: kwenye orodha ya dunia zako gusa ile kalamu iliyo pembeni ya jina, shuka mpaka chini kabisa kwenye mipangilio, kuna kitufe cha kuekspoti. Inakutolea faili moja linaloishia na .mcworld, hilo ndilo la kubeba, kwa fulashi, kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa barua pepe likiwa dogo, vyovyote. Ukifika upande wa pili unaligusa tu, gemu inafunguka yenyewe inaingiza. Mimi nikabonyeza, ikaanza, ikaenda ikaenda, ikakatika katikati. Tableti ilikuwa imejaa na kuekspoti kunahitaji nafasi ya kutosha kuweka nakala nzima nyingine, mimi sikuwa nayo.

Kwa hivyo nikaenda kwa kebo. Tableti yangu ni ya Android ya zamani, folda zake bado zinaonekana ukiichomeka kwa laptopu, unaingia games, halafu com.mojang, halafu minecraftWorlds. Kwenye simu za Android 11 kwenda mbele njia hiyo mara nyingi imefungwa, zinaficha folda za apu, kwa hivyo kama simu yako ni mpya usihangaike huko, futa video zako upate nafasi uekspoti. Nilipofungua folda nikakuta dunia zangu hazina majina, kila moja ina herufi zimevurugika hazisomeki, mpaka ufungue kifaili kimoja kinaitwa levelname.txt ndiyo uone imeandikwa jina lake. Nilifungua vitano. Cha tano kikasema Kisiwani.

Nikakopi, nikapeleka, ikakataa kufunguka.

Nilikaa na hilo siku mbili, moyo wangu haukuwa sawa, nikila wali naufikiria ule ukuta. Halafu nikaja nikaelewa nimefanya makosa mawili kwa pamoja. La kwanza, nilikopi huku gemu iko wazi nyuma. Ndani ya dunia kuna folda inaitwa db, na humo ramani yote imekatwakatwa kwenye mafaili madogo madogo, na kuna faili moja linaloweka hesabu ya mengine yote, lipi liko wapi. Gemu ikiwa wazi inaendelea kuandika humo, kwa hivyo ukichukua katikati unaweza kubeba hesabu ya sasa na mafaili ya dakika iliyopita, havipatani. Funga gemu kabisa kwanza, izime hata kule kwenye orodha ya apu zilizo wazi, ndiyo ukopi. Kosa la pili ni dogo lakini linawatesa wengi: nilizipu folda nzima. Hilo faili la .mcworld ni zipu ya kawaida iliyobadilishwa jina, lakini gemu ikiifungua yataka ilione level.dat pale pale mlangoni, si ndani ya folda nyingine. Kwa hivyo ingia ndani ya folda, chagua vyote vilivyomo, zipu hivyo, halafu ubadilishe mwisho wa jina kutoka .zip kuwa .mcworld.

Nikarudia hivyo, ikakubali. Alhamdulillah. Nilisimama nikatembea mpaka dirishani nikarudi.

Ikaja sasa upande wa laptopu ya shemeji, manake ndiyo watakayokuwa nayo Kisumu. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu mtu anaweza kutupa pesa. Kuna Minecraft mbili. Kuna Java, ile ya kompyuta ya asili, na kuna Bedrock ambayo ndiyo hii ya simu, tableti, Xbox na PS4. Dunia ya moja haifunguki kwenye nyingine, hata mafaili yameandikwa kwa mtindo tofauti. Tangu 2022 ukinunua ya Windows unapewa zote mbili pamoja, lakini ujue uliyonunua kwa simu haihesabiki huko, unanunua upya. Mpwa wangu akafungua Java kwa sababu picha yake ilikuwa ya kwanza, akaniita analalamika Kisiwani haimo. Tukafunga, tukafungua ile nyingine, nikabofya faili mara mbili, ikasoma, na Ngomeni pakatokea kwenye kioo kikubwa. Aliweka mkono mdomoni. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona kwa ukubwa ule, ukuta wote kwa pamoja, mpaka bahari.

Mwenye dunia ya Java na lazima aivushe kwenda Bedrock, kuna programu ya bure inaitwa Chunker inabadilisha, lakini mitambo ya redstone, ule umeme wa ndani ya gemu, ikague baada ya hapo, kwa sababu haifanyi kazi sawasawa kwenye hizo mbili. Na kwa wenye PS4, nimeulizwa sana hili, fulashi haitokusaidia, njia tuliyotumia kwa binamu yangu Bamburi ni kulipia Realms, ile seva ya Minecraft ya mtandaoni, mwezi mmoja, unapandisha dunia huko kutoka kwa simu, unaingia PS4 na akaunti ileile, unaishusha. Lazima iwe akaunti ya mwenye Realm, mgeni haruhusiwi kuishusha.

Turudi kwa mtoto. Akaingia Kisiwani kwa laptopu, halafu akanyamaza. "Mjomba, hivi si vitu vyangu." Alikuwa ameshika sururu yangu ya almasi, amevaa deraya yangu, yuko pale nilipokuwa nimesimama mimi mwisho, kwenye ngazi za Likoni. Bedrock inaweka aliyefungua dunia kama mwenyeji, na vitu vya mwenyeji vinaandikwa ndani ya dunia kama vya mwenyeji, haviandikwi jina la mtu. Kwa hivyo yeyote atakayeifungua kwenye kifaa chake anavaa nafasi ile. Yeye alikuwa akiingia kama mgeni kwangu miaka yote hiyo, vitu vyake vimefungiwa kwenye ugeni wake. Tukarudi kwenye tableti, akaingia kwa simu ya mamake, akavitoa vyote mfukoni akavitia kwenye sanduku la mbao pale barazani, sanduku la kawaida kabisa, si lile la ender manake lile pia linamfuata mtu halifuati dunia. Na mimi nikatia vyangu kwenye sanduku la pili. Nikafunga gemu, nikakopi upya. Fanyeni hivyo kabla ya kuhamisha, kila mtu amwage mfuko wake.

Usiku wa mwisho kabla hawajasafiri alilala kwangu. Tukawa tumezima taa, nikadhani kashalala, akaniuliza, "Sasa kuna Kisiwani mbili. Ile yenyewe ni ipi?"

Sikumjibu haraka kwa sababu ameuliza kweli. Ukikopi dunia hujaigawana, umeipasua. Kuanzia dakika ile nikiongeza tofali moja kwenye yangu halitoonekana kwake, na yake haitoonekana kwangu, na hakuna kitufe cha kuziunganisha tena. Baada ya mwaka zitakuwa miji miwili yenye jina moja. Nilifikiria Realms, ile iko wazi saa zote kila mtu anaingia anapotaka, lakini ni malipo ya kila mwezi na dadangu ana mambo mengine sasa hivi. Nilifikiria pia niwe naingia kwake kama rafiki kwa intaneti, inawezekana, ila lazima awe amefungua yeye wakati huohuo na akaunti ya mtoto inataka ruhusa ya mzazi, tukaiweka hiyo ruhusa lakini bando halitoshi kila wiki.

Tukakubaliana hivi tukiwa gizani. Yenyewe ni ile iliyo kwa mwenye zamu. Wiki hii yake, anajenga, Ijumaa anaekspoti ananitumia kwa WhatsApp, mimi natoa ya zamani naingiza hiyo, najenga wiki moja, namrudishia. Asiye na zamu anaruhusiwa kutembea tu, asiguse bloku. Na faili linaandikwa namba ili tusichanganye, na kila namba naihifadhi kwenye fulashi iliyo ndani ya kabati ya mama, mbali na tableti. Mara moja tu tulikwama, alipoapdeti gemu mimi sijaapdeti, dunia iliyofunguliwa kwenye toleo jipya haikubali kurudi kwenye la zamani, nikafuta nyimbo nikaapdeti ikafunguka.

Ijumaa iliyopita imeingia namba 9. Nimeifungua baada ya isha. Ngomeni iko vilevile, feri ziko vilevile, hakugusa kitu. Lakini ukivuka daraja la Makupa, ukaendelea, ukapita pale tulipokuwa tumeachia msitu, ameanza kuchimba. Shimo pana limejaa maji, na pembeni vibanda vinne vya mbao, na kwenye kila kibanda ametundika samaki. Ameweka kibao akaandika, Mjomba hapa ni kwetu sasa, njoo. Nilikuwa nimesimama upande wa kisiwani. Nikavuka.