Eric Braeden: adui wa miezi michache aliyekaa zaidi ya miaka 40

Kuna waigizaji wa Marekani ambao dunia inawajua kwa filamu mbili tatu, halafu kuna Eric Braeden, ambaye tangu Februari 1980 anaingia sebuleni kwa watu siku za kazi zote akiwa mtu yule yule mmoja, Victor Newman wa The Young and the Restless, na bado ukilitaja jina lake kwa wapenzi wa sinema utasikia "aah yule wa zile tamthilia za mchana", kama vile ile ni kazi ya daraja la pili. Hili linaniuma kwa kweli. Mimi nimemfuatilia sana huyu mzee, na kadiri ninavyozidi kuyajua maisha yake ndo ninavyozidi kuamini kwamba ule uzito anaouweka kwenye uso wa Victor haukutoka kwenye skripti peke yake, ametoka nao mbali.

Jina alilopewa na wazazi ni Hans-Jörg Gudegast. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1941 Bredenbek, kijiji kilicho karibu na Kiel kaskazini mwa Ujerumani, na ukishaona huo mwaka na huo mji unajua mtoto alizaliwa katikati ya nini. Kiel ilikuwa bandari kubwa ya jeshi la majini, nyambizi zilikuwa zinaundwa pale, kwa hiyo mabomu yalikuwa yanashuka mara kwa mara mpaka vita inaisha. Baba yake aliwahi kuwa meya wa Bredenbek, familia ilikuwa inajiweza, halafu baba akafariki Hans akiwa na miaka 12 tu na maisha yakageuka kabisa, umaskini ukaingia nyumbani. Shikilia hapo kwenye mtoto wa miaka 12 aliyeachwa na baba, tutarudi.

Dogo akawa mwanamichezo. Kurusha mkuki, kisahani, tufe, hizo ndo zilikuwa zake, na mwaka 1958 akawa kwenye timu iliyochukua ubingwa wa vijana wa Ujerumani kwenye riadha. Mwaka uliofuata, ana miaka 18, akapanda meli kwenda Marekani. Akafikia Texas kwa ndugu, kisha akaenda Montana, akafanya kazi ranchi ya ng'ombe, akaingia chuo pale Missoula kwa udhamini wa riadha huku akipiga kazi kwenye kiwanda cha mbao ili mambo yaende. Halafu yeye na mwanafunzi mwenzake wakaamua kupandisha mto Salmon wa kule Idaho kwa boti na kurudi nao tena, mto wenye maporomoko ya kutisha, na safari yote wakairekodi kwenye filamu. Ile filamu ndo iliyompeleka Los Angeles, alikwenda kuitafutia mtu wa kuisambaza, akakuta mji unatafuta vijana wenye lafudhi ya Kijerumani.

Na hapa ndo palipokuwa na mtego. Miaka ya 60 Hollywood ilikuwa inatengeneza hadithi za Vita Kuu ya Pili kama mikate, na kila hadithi inamtaka Mjerumani wa kuchukiwa. Kazi zilikuwepo, ila ni ileile, vaa sare, piga kelele, uawe. Kuanzia 1966 mpaka 1968 alikuwa Kapteni Hans Dietrich kwenye The Rat Patrol, tamthilia ya ABC iliyokuwa inahusu vita kwenye jangwa la Afrika Kaskazini, bado akitumia jina la Hans Gudegast, na hata pale alikataa kumfanya yule kapteni kikatuni. Ukiangalia vile vipande leo unaona mtu mwenye heshima zake, mtulivu, askari anayefikiri, na unashangaa adui anakuwa mtu kuliko baadhi ya masteringi.

Ila si kwamba alikuwa anaitetea ile Ujerumani, hapana, na hili ni muhimu sana kwangu. Ameshasimulia mwenyewe kwamba ni huko Los Angeles ndipo alipokaa kwenye ukumbi wa sinema akaona kwa mara ya kwanza picha halisi za kambi za mauaji, akatoka na hasira kubwa kwa kizazi cha wazazi wake kwa sababu nyumbani mambo hayo hayakuwa yanazungumzwa. Watu wengine wangejificha. Yeye akaenda kucheza mpira kwenye Maccabi Los Angeles, klabu ya Wayahudi, kijana wa Kijerumani aliyezaliwa 1941 anavaa jezi yenye nyota ya Daudi kifuani, na alikuwa kwenye kikosi kilichobeba kombe la taifa la Marekani mwaka 1973. Baadaye alitumia muda wake mwingi kwenye mambo ya kuwakutanisha Wajerumani na Wayahudi kwa mazungumzo, na Ujerumani yenyewe ikamtunuku nishani.

Sasa lile jina. Universal walikuwa wanatengeneza filamu ya kompyuta inayoitawala dunia, Colossus: The Forbin Project, iliyotoka 1970, na yeye ndo anatakiwa awe Dokta Forbin, steringi mwenyewe, siyo adui tena. Lew Wasserman, bosi wa studio, akasema mtu mwenye jina la Kijerumani hawezi kuwa mhusika mkuu wa filamu ya Kimarekani. Basi. Jamaa aliwaza sana, ilimuuma, jina ni la baba ambaye hayupo tena. Mwishowe akakubali akachukua Eric, jina lililokuwemo kwenye ukoo, na Braeden akaitoa kwenye Bredenbek, kijiji chake. Yaani walimnyang'anya jina akaenda kuchota jingine kwenye udongo uleule alikotoka. Mimi kila nikiona lile jina kwenye skrini nakikumbuka kile kijiji. Na mwanae wa pekee, Christian, ambaye leo ni dairekta wa filamu, aliyetengeneza Den of Thieves ya 2018, anatumia Gudegast.

Miaka ya 70 ilipita kwa kazi za kuzunguka, leo Gunsmoke, kesho The Mary Tyler Moore Show, alikuwepo pia kwenye filamu ya tatu ya Planet of the Apes mwaka 1971. Alikuwa anafanya kazi nyingi tu, ila hakuna iliyomshika. Ndipo mwaka 1980 ikaja simu ya tamthilia ya mchana. Hakuipenda. Rafiki yake Dabney Coleman, muigizaji mwenzake, ndo alimwambia chukua bwana, utaipenda.

The Young and the Restless ilikuwa imeanza Machi 1973 kwenye CBS, kazi ya mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell, na hadithi yake iko Genoa City, Wisconsin. Victor Newman aliletwa kama tajiri aliyekodiwa na Katherine Chancellor aje aendeshe kampuni yake, na alitakiwa akae miezi michache tu halafu apotee. Alikuwa mbaya haswa. Mkewe Julia alipodhaniwa kuwa na mtu mwingine, Victor alimfungia yule mwanaume kwenye handaki chini ya nyumba na kumpelekea panya kwenye sahani ya chakula. Panya! Mtu wa hivyo kwa kawaida anauawa mwisho wa msimu na watu wanashangilia.

Lakini watazamaji hawakutaka aondoke. Na mimi naona sababu ni hii, alikuwa hapigi kelele. Muangalie vizuri, Victor akikasirika sauti inashuka badala ya kupanda, anamtazama mtu bila kupepesa, anaacha kimya kikae mpaka yule wa mbele yake ndo anaanza kujieleza. Hicho kimya kwenye tamthilia za mchana ni kitu adimu kwa sababu hakuna muda. Wenzetu wanaodharau kazi hii wangejua inavyofanyika wangenyamaza, filamu kubwa inaweza kupiga kurasa mbili tatu za skripti kwa siku, hawa wanamaliza episodi nzima kwa siku moja na siku nyingine zaidi ya moja, kurasa kwa makumi, kamera tatu nne kwa pamoja, na ukishasema vizuri mara moja wanahama wanakwenda kipande kinachofuata. Unakariri usiku, unaigiza asubuhi, unasahau, unaanza tena. Na humo humo inabidi mtu aamini unalia kweli. Fanya hivyo zaidi ya miaka 40 halafu tuone.

Hata hivyo mwenyewe mwanzoni alikuwa anachoka nayo, alishamuona Victor kama ukuta, ubaya mtupu usio na sababu, akamwendea Bell akamwambia nahitaji kujua huyu mtu katokea wapi, kwa nini yuko hivi. Na Bell, ambaye kwangu mimi ni mmoja wa waandishi wakubwa wa televisheni waliowahi kuwepo, akaenda akakaa akaandika. Ikatokea kwamba Victor Newman siyo jina lake. Alizaliwa Christian Miller, masikini wa kutupwa, na akiwa mtoto mdogo mama yake alimpeleka kituo cha yatima akamuacha pale kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumlisha. Lile jina la Victor Newman alijipa mwenyewe alipokuwa mkubwa.

Mtoto aliyeachwa, umaskini, jina jipya. Unaona kilichotokea? Huyu Bell amemwandikia Hans Gudegast.

Mwaka 1984 wakamleta yule mama, Cora, na wakamchukua Dorothy McGuire kuwa yeye, muigizaji wa zamani wa filamu aliyewahi kuteuliwa kugombea Oscar kwa Gentleman's Agreement. Victor anakutana na mwanamke aliyemuacha getini miaka yote ile. Ukuta mzima wa Victor unaanza kumegeka hapo, yule mtu aliyekuwa anatisha chumba kizima kwa kusimama tu sasa anataka kujua jambo moja, kwa nini, na huyu aliye mbele yake ni bibi mzee asiye na nguvu za kujitetea. Braeden mwenyewe ameeleza mara nyingi kwenye mahojiano kwamba alipomaliza kile kipande ndo akajiambia hataondoka tena kwenye hii tamthilia. Na hakuondoka. Mimi nikikitazama silioni tena suala la tamthilia ya mchana au ya usiku, naona muigizaji amepewa mlango wa chumba chake mwenyewe na akaingia.

Kuanzia hapo Victor akawa kila kitu, mume wa Nikki (Melody Thomas Scott, na hawa wawili wakiwa pamoja kwenye skrini ni raha tupu, wameoana wakaachana wakaoana tena mpaka watu wakazoea), hasimu wa Jack Abbott, baba anayewapenda watoto wake kwa namna inayowaumiza. Tuzo ya Daytime Emmy ya muigizaji bora aliipata 1998, nyota yake kwenye ile njia ya Hollywood Boulevard aliipata 2007. Mwaka 2009 kulitokea mvutano wa mkataba, akatangaza anaondoka, mashabiki wakachanganyikiwa, mwisho akakubali kupunguziwa mshahara akarudi.

Siwezi kumaliza bila Titanic ya 1997. Wengi mmemuona bila kujua. Yule John Jacob Astor, abiria tajiri kuliko wote kwenye ile meli, ndo yeye. Kuna pale kwenye ile ngazi kubwa, Astor amekumbatia nguzo, maji yamejaa, halafu kile kioo cha juu kinapasuka na maji yanamwagika ndani kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ule uso wa hofu unaouona hakuuigiza sana, maana kipande kile hakikuwa na marudio, ukishavunja kile kioo umevunja, na amesema ni moja ya mambo yaliyomtisha kuliko yote aliyowahi kufanya kazini. Mtu aliyepandisha mto Salmon ndo anasema hivyo.

Aprili 2023, amefikisha miaka 82, akajirekodi mwenyewe akawaambia mashabiki kupitia Facebook kwamba ana saratani ya kibofu, akaeleza dalili zilivyoanza na vipimo vilivyogundua, wazi kabisa bila kona kona, akisema anaongea ili wanaume wa umri wake waende hospitali mapema. Alikuwa kwenye matibabu na huku anaendelea kwenda studio kurekodi. Agosti ya mwaka huohuo akarudi na habari kwamba madaktari hawaoni tena saratani. Sijui niseme nini, nilifurahi kama ni mzee wa nyumbani kwetu.

Kama hujawahi kumtazama na unataka kuanza, usianzie kwenye episodi za karibuni, utapotea kwenye majina ya wajukuu. Tafuta kwanza Colossus umuone akiwa kijana asiye na masharubu ya Victor, halafu nenda moja kwa moja kwenye vipande vya 1984 na Dorothy McGuire. Zima simu ukikaa kuvitazama, na ukimaliza njoo tuongee.