Na pikipiki kwenye Alps: kona 48 za Stelvio na zile ambazo watu hawazisemi

Safari ya Alps inaanza Januari, pikipiki ikiwa bado imefunikwa turubai na betri iko ndani inachajiwa, maana barabara za juu kabisa zinafungwa na theluji kuanzia kama Oktoba au Novemba mpaka Mei, nyingine mpaka Juni, kwa hiyo ukikosea tarehe unafika unakuta geti limefungwa na ndo basi, unageuza. Mi nakaa Munich, siku ya hewa safi milima naiona kabisa kwa mbali, lakini kuiona na kuipanga ni vitu viwili. Mwenzangu ni jamaa mmoja Mkenya anakaa Stuttgart, ye ana BMW GS lile dubwana, mi nina Suzuki V-Strom 650, na kazi yetu winta nzima ilikuwa kutumiana ramani usiku na kubishana.

Ubishi wa kwanza ulikuwa tarehe. Yeye anataka Agosti kwa sababu ya jua. Nikamwambia kaka, Agosti Italia nzima iko likizo, tarehe 15 ndo sikukuu yao kubwa ya kiangazi, utapanda mlima nyuma ya gari la kulala lenye baiskeli nne mgongoni na huna pa kuovateki. Tukakubaliana Septemba, na kule kwenye barabara maarufu tufike katikati ya wiki. Wikiendi wanatoka watu wa miji yote ya jirani na pikipiki zao, magari ya michezo, baiskeli, wote kona moja. Na kuna siku maalum Stelvio, ile barabara maarufu ya mlimani kule Italia, inafungwa magari yote wanaachiwa waendesha baiskeli, hiyo nayo uangalie kabla hujabuku chumba.

Ubishi wa pili ndo mkubwa, kilomita. Yeye anasema, "Buda, chini ya Stelvio mpaka Andermatt kule Uswisi ni kilomita mia mbili na kitu tu, tunamaliza kabla ya lanchi." Hiyo hesabu ni ya watu wa barabara kuu. Milimani kilomita mia mbili ni siku nzima, kwa sababu unaenda spidi 30 kwenye kona, 60 baada ya kona, afu breki tena, mikono inachoka, shingo inachoka, na kila baada ya nusu saa unasimama kupiga picha hata kama uliapa hutasimama. Mi nahesabu kwa vilele, yani pale juu barabara inapovuka mlima. Vikubwa vitatu kwa siku inatosha, vinne ukiwa umelala vizuri, zaidi ya hapo unaanza kufanya makosa ya uchovu na huko makosa yana shimo pembeni.

Karatasi sasa. Leseni zetu za nyumbani hapa Ujerumani zinatumika miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na vitendo, mi nikaingia darasani kwanza, na siku ya mtihani unafunga breki ya ghafla ukiwa kwenye 50. Inauma mfukoni lakini mi nimejifunza kule vitu ambavyo Boxer ya mjomba Korogwe haikunifundisha. Ukiwa unakuja kutembea tu na viza ya Schengen, pikipiki za kukodi zipo, mradi leseni yako ina daraja la pikipiki kubwa na umebeba ile ya kimataifa. Uswisi haiko Umoja wa Ulaya ila iko Schengen kwa hiyo hiyohiyo viza inapita. Barabara zao kuu unanunua stika ya faranga 40 ya mwaka mzima, pikipiki nayo inalipa. Austria wanataka kila pikipiki ibebe kiboksi cha huduma ya kwanza.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kelele. Kule Tirol, Austria, wilaya ya Reutte, kuna barabara kadhaa nzuri sana ikiwemo ya bonde la Lech ambazo tangu 2020 wakati wa kiangazi ni marufuku kupita kama pikipiki yako ina kelele zaidi ya desibeli 95 ikiwa imesimama. Na hawakupimi kwa masikio, wanaangalia namba iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki, kipengele U.1. Hata kama yako imenyamaza kama paka, namba ikisoma 96 umekwisha. Tukatoa kadi tukaangalia, zote ziko chini, tukapumua.

Kumweleza mama ndo ilikuwa ngumu kuliko viza. Yuko Tanga, kwake pikipiki ni bodaboda na bodaboda ni wodi ya mifupa.
"Kwani gari lako limeharibika?"
"Hapana mama, ni likizo tu, natembea."
"Likizo ya kupigwa upepo? Na unalipa?"
"Nalipa mama."
"Haya. Vaa kofia."
Afu akampa simu dada akaniambia taratibu kwamba mama anaamini nimefulia sitaki kusema.

Tukatoka. Fernpass mpaka Landeck, bado Austria, sina la kusimulia, foleni ya malori na magari ya kuvuta nyumba, barabara iko mita elfu moja mia mbili tu, unapita ili ufike. Pazuri panaanza Reschen, ukishaingia Italia. Kuna ziwa na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa peke yake, wa karne ya 14. Kijiji cha Graun kilizamishwa 1950 walipojenga bwawa la umeme, nyumba zikabomolewa, mnara ukabaki. Watu wamejaa wanapiga picha wanakula aiskrimu. Mi nilikaa pale nikawaza wenye mashamba walilipwa shilingi ngapi, maana hadithi ya bwawa huwa ni ileile kila nchi.

Usiku tulilala Prad, chini kabisa ya Stelvio, gesti ya mzee mmoja ambaye aligundua tuna pikipiki akatoa gari lake gereji akaingiza zetu. Huko ni Italia lakini watu wanaongea Kijerumani, ilikuwa Austria mpaka Vita ya Kwanza ilipoisha. Akatuuliza tunaondoka saa ngapi, tukasema tukishakunywa chai, saa tatu hivi. Akatingisha kichwa. Saa kumi na mbili na nusu, akasema, au msiende kabisa.

Tukamsikiliza. Asante yake sana yule mzee.

Stelvio ni mita 2,757 juu. Prad iko kama mita mia tisa, kwa hiyo unapanda karibu mita 1,850 ndani ya kilomita ishirini na kitu, na upande huu kuna kona 48 za kugeuka kabisa, kila moja ina jiwe lenye namba, unaanza na 48 chini unahesabu kurudi mpaka 1. Ilichongwa kati ya 1820 na 1825, injinia anaitwa Carlo Donegani, wakati huo Milano na maeneo yake yote yalikuwa chini ya mfalme wa Austria na alitaka njia ya kupita mlimani kwenda kwenye mali yake. Waliijenga kwa ajili ya magari ya farasi ndo maana kona zimebana hivyo, farasi hana shida ya kukata kona kwa hatua, basi la watalii ndo lina shida. Ukishapita kijiji cha Trafoi na miti ikaisha unaiona barabara yote juu yako imejikunja ukutani, jamaa akasimama akafungua helmeti akasema tu "wueh".

Sasa sikiliza, huku wanaendesha kulia. Kona ya kulia ya kupanda ndo inakula watu, kwa sababu uko upande wa ndani, imebana na imeinuka kama ngazi, ukiingia na gia nyepesi pikipiki inazima katikati na ukiweka mguu chini unakuta chini iko mbali kuliko ulivyodhani, mzigo unakuvuta, unalala. Sisi tuliokulia kwenye kushoto mwili unazoea kinyume, macho yanatafuta nafasi upande usio wake. Dawa yake ni kuangalia juu kabla hujafika, kama hamna gari linashuka unaingia kwa upana, gia ya kwanza, klachi nusu, breki ya nyuma kidogo kushikilia, na macho yaangalie unapotokea. Ukiangalia ukuta unaenda ukutani, hiyo haina mjadala. Kushuka nako usikae kwenye breki muda wote, zinapata moto zinalegea, weka gia nzito injini ikushike.

Baridi nayo. Kila ukipanda mita elfu joto linashuka kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo Prad nyuzi 14 asubuhi, juu ni kama mbili, na hapo hujahesabu upepo. Mwenzangu GS yake ina vishikio vya kupasha moto, ananionyesha dole gumba kwa raha zake, mi vidole sivisikii. Kuna jamaa juu anauza soseji na mkate nje, nilishika ile soseji dakika nzima kabla ya kula.

Kwa kweli pale juu penyewe sikupapenda. Maduka ya stika na fulana, hoteli, parkingi, moshi. Ilipofika saa nne tukachungulia chini, mabasi mawili yamekutana kwenye kona na nyuma yao foleni imejipanga, hapo nikaelewa yule mzee. Ushauri wangu, Stelvio nenda alfajiri useme umefika, ila usiifanye ndo safari.

Kwa sababu ukishuka upande wa pili kilomita tatu tu kuna njia inachepuka kulia inaitwa Umbrail, mita 2,501, ndo barabara ya lami ya juu kuliko zote za kuvuka mlima Uswisi, na kipande chake cha mwisho cha vumbi kimewekwa lami 2015 tu. Hamna duka. Hamna mtu. Mkeka mweusi unashuka kwenye majani mpaka msituni mpaka kijiji cha Santa Maria. Tulishuka polepole kwa makusudi, yani hatukutaka iishe.

Baada ya hapo Ofenpass, unakatiza hifadhi ya taifa ya Uswisi, wanayo moja tu tangu 1914, afu Flüela mita 2,383, mawe matupu na upepo, ukashuka Davos. Hapo jamaa akaangalia saa, lanchi imeshapita zamani. Sikumwambia kitu. Tukalala njiani, Andermatt ikawa ya kesho yake kama nilivyopanga. Kupita Oberalp juu kule mita elfu mbili na arobaini na nne nikaona mnara wa taa za meli, mwekundu, umesimama mlimani hamna bahari hamna nini. Mtoto wa Tanga nikasimama. Kumbe mto Rhine unaanzia karibu na hapo na mnara ni nakala ya ule uliokuwa Uholanzi mto unapoingia baharini. Nikampigia mama video, akasema sasa hiyo inamulika nani.

Ukiwa na siku moja tu ya Alps maishani, lala Andermatt uzunguke pembetatu ya vilele vya Furka, Grimsel na Susten, kama kilomita 120 unarudi ulipoanzia. Furka 2,429, pale kuna barafu ya Rhone wameifunika mablanketi meupe isiyeyuke haraka, na hoteli ya zamani kwenye kona imefungwa madirisha, barafu ilikuwa karibu nayo sasa imerudi juu huko. Grimsel ni mabwawa na mawe ya kijivu. Susten ndo kipenzi changu, ilijengwa miaka ya Vita ya Pili ikiwa tayari inafikiria gari, kwa hiyo kona ni pana, unazisoma kutoka mbali, unalaza pikipiki kulia unalaza kushoto bila kugusa breki. Ni mteremko ambao nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Ila Uswisi tochi zipo na hazina huruma, 80 nje ya mji maana yake 80, na faini zao ukizibadilisha kwa shilingi unaweza kulia. Basi la njano la posta likipiga honi ile ya sauti tatu kabla ya kona, mpishe, kwenye hizo barabara za milimani lina kipaumbele na dereva wake anachukua upana wote. Kulala na kula ghali, sisi mchana tulikula mkate na jibini za supamaketi tumekaa kwenye ukuta wa barabara. Mafuta bei chee yako Livigno, upande wa Italia, mji umesamehewa kodi, ila tusingezunguka mpaka kule kwa ajili ya tenki moja.

Kurudi tulipitia Klausen, ng'ombe katikati ya barabara na makengele shingoni, na kinyesi chao kwenye kona kikilowa na mvua kinateleza kuliko oili, hiyo hamna app itakayokuambia. Mvua ikatukamata mpaka ziwa Constance, pale tukaagana, yeye Stuttgart mi Munich.

Mwakani bado tunabishana. Yeye anataka Ufaransa, ile njia ya kutoka ziwa Geneva mpaka Mediterania, apite Iseran mita 2,764 ambayo ndo barabara ya kuvuka ya juu kuliko zote za Alps, mi nataka barabara ya Grossglockner ya Austria afu milima ya Dolomites kule Italia, karibu na nyumbani na chakula ni kizuri. Amenitumia ramani jana usiku, eti siku moja kilomita mia nne.