Mawe ya Manjano ya Bonaire

Mume wangu anamaliza hewa kabla yangu. Tulilijua hilo tangu tulipojifunza kuzamia pamoja, ila kwenye safari za boti halikutusumbua: kiongozi akiona mmoja mtungi umepungua, hugeuza kundi zima. Bonaire hatukuwa na kiongozi. Tulikuwa na gari la kukodi lenye bodi ya wazi, mitungi sita nyuma, na sisi wawili.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kusini mwa Karibi, karibu na pwani ya Venezuela. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, lakini dukani unalipa dola za Marekani, na watu wakiwa wao kwa wao wanazungumza Kipapiamentu. Siku ya pili nilikuwa nimeshajua kusema "bon dia", yaani habari ya asubuhi, na "masha danki", asante sana, na kila niliyemwambia aliniitikia kwa furaha. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa magharibi bahari hutulia. Huko, kando ya barabara ya pwani, kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano na kuandikwa majina. Kila jiwe ni mahali pa kuzamia, na ya kuingilia kwa miguu kutoka ufukweni yanazidi 50. Unaegesha, unavaa buti za mpira kwa sababu ya miamba, mnashikana mikono mpaka maji yafike kifuani, mnavaa mapezi. Dakika chache baadaye sakafu inaanza kuteremka na mwamba wa matumbawe uko mbele yenu.

Kwanza, lakini, kuna taratibu, na mimi nazipenda. Unalipa ada ya mazingira, kisha unapiga mbizi ya kwanza mbele ya duka la wazamiaji ili waone kama unaweza kutulia majini bila kugusa kitu. Glavu zimekatazwa, maana mwenye glavu hushika ovyo. Bahari yote inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, na uvuvi wa mkuki ulipigwa marufuku hata kabla, mwaka 1971. Unayaona matunda yake mara moja. Pono wanakwangua matumbawe bila kukujali, na ukituliza pumzi unasikia meno yao: kra, kra, kra. Ng'amba mmoja alipita chini yangu akitafuna sifongo, wala hakubadili njia.

Si kila kitu ni kizima. Mwaka 2023 ulionekana hapo ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe na kuacha mifupa mitupu. Tuliona matumbawe ya mviringo, makubwa kuliko meza, nusu yakiwa ya kahawia na nusu meupe kama chokaa. Kila jioni tuliloweka vifaa kwenye dawa ili tusiubebe ugonjwa kutoka jiwe moja hadi jingine. Mume wangu ndiye aliyekuwa akihesabu dakika za kuloweka, na hakukubali hata siku moja tutoe mapema.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye Hilma Hooker. Ni meli ya mizigo ya urefu wa mita 72 hivi. Maofisa waliikuta imeficha bangi, ikazuiliwa, na Septemba 1984 ikazama. Imelalia ubavu wa kulia kwenye mchanga, kina cha mita 30. Ukishuka, kwanza huoni kitu, halafu bluu inageuka kuwa ukuta, na ukuta ni meli. Nilisahau kupumua kwa sekunde kadhaa, jambo ambalo mzamiaji hatakiwi kulisahau kamwe.

Tuliufuata ubavu wake mpaka karibu na rafadha. Nikamuuliza kwa ishara ana hewa kiasi gani. Bari 70, kwa kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini. Mimi nilikuwa na 110. Nikainua dole gumba, ambalo chini ya maji halina maana ya "safi" bali "tupande". Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye rafadha. Nikainua tena. Akaenda.

Aliiona rafadha yake. Mimi niliitazama saa yangu na mapovu yake yaliyokuwa yakitoka mfululizo. Tulipanda polepole, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano kama inavyotakiwa, tumeshikana mikono huku nimekasirika mpaka miwani inaingia maji.

Garini akasema, "Mke wangu, nilikuwa na pumzi za kutosha."

"Za kutosha kwa ajili yako. Zikikwisha kule chini, unahema zangu. Basi hizo zangu nazo ungeniuliza."

Hakujibu. Alifungua mitungi, akaipanga, akanipa maji ya kunywa. Tulipofika chumbani ndipo akasema, "Kuanzia kesho, bari 100 tunageuka, na ukiinua dole sikatai." Hakuwahi kukataa tena.

Na kuna jambo sikulitarajia. Alipoacha kufukuza kila kitu, alianza kupumua taratibu. Mikono akaikunja kifuani, akawa anaelea tu. Mbizi zetu zikapanda kutoka dakika 40 hadi kupita 60. Kwenye gati la chumvi tulikaa kwenye nguzo moja tu, iliyovikwa sifongo za machungwa na zambarau, tukimtazama farasi wa bahari aliyejifunga mkia kwenye uzi wa tumbawe. Usiku, tarponi, samaki wa fedha wenye urefu wa mtu, walitufuata begani wakitumia mwanga wa tochi zetu kuwinda. Nilimshika mkono kwa hofu. Alinibana vidole mara mbili, na nilielewa.

Siku ya mwisho huzamii, kwa sababu ukishapiga mbizi nyingi unatakiwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Tukaendesha kuelekea kusini, penye mabwawa ya chumvi ya waridi na korongo flamingo. Hapo ufukweni vimesimama vibanda vya mawe, vilivyojengwa mwaka 1850, vya watumwa waliochimba chumvi. Paa lake linanifika shingoni. Mlango unauingia kwa kutambaa. Familia zao zilikuwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, na walitembea saa kadhaa kwenda kuziona mwisho wa wiki. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1863.

Mume wangu aliingia kibanda kimoja akakaa. Nikaingia nikakaa karibu naye, magoti yamegusa kifua. Joto lilikuwa kali, na kupitia mlango tuliiona bahari ileile ya bluu. Hatukusema kitu kwa muda mrefu.

Tulipotoka, hatua chache tu, kulikuwa na jiwe la manjano. Limeandikwa Red Slave. Mtumwa mwekundu, kwa jina la vibanda hivyo. Lilikuwa kwenye orodha yake tangu tunapanga safari, maana mkondo wa hapo ni mkali na wazoefu hupasifia.

"Tukirudi, utaingia?" nikamuuliza.

Aliweka kiganja juu ya jiwe. "Tukirudi," akasema, "tuanzie hapo ndani kwanza."