Kampeni yangu ya Kilwa 1331, nilivyoiandaa

Mi mvivu wa kuandika makurasa ya stori afu wachezaji wanaenda upande ambao hata hukuuwaza, kwa hiyo nilipokubali kuwaendeshea washkaji Dungeons & Dragons hapa Dar nikatafuta kwanza kitu kitakachoisukuma stori chenyewe. Nikakipata kwenye upepo wa msimu.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mezani ulitoka Marekani 1974. Mmoja anakuwa gemu masta, yeye ndo anasimulia dunia na kuwa kila mtu wa humo, wengine kila mmoja ana mhusika wake, ukitaka kufanya jambo ambalo linaweza kugoma unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha namba za uwezo wa mhusika wako, ukifika 10 umepita jambo jepesi, 15 la kati, 20 gumu. Sheria za msingi unazipata bure, na tangu 2023 zina leseni ya wazi unaruhusiwa kutengeneza vya kwako juu yake. Dadu tulikuwa na seti moja tunapokezana, wengine wanarushia kwenye simu, hamna shida.

Kampeni, yaani stori moja ndefu mnayoicheza vikao kwa vikao, nyingi utakuta makasri ya Ulaya na theluji, sasa mtu wa Mbagala ukimsimulia theluji anakutazama tu. Nikachukua Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka aliopita pale Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, Sultani akiwa al-Hasan bin Sulaiman. Vyombo vya Arabuni na India vinashuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, vinarudi na kusi, wa kutoka kusini, na chombo kikitaka kwenda mpaka Sofala, bandari ya dhahabu huko Msumbiji ya leo, hakiwahi kurudi kwao msimu ule ule, ndo maana Kilwa iliyokaa katikati ikala hela. Ukiitazama hiyo kwa jicho la gemu masta unaona dedilaini imeshajiandika yenyewe.

Basi nikachora mstari wa wiki kwenye karatasi, kuanzia kaskazi inapoelekea kuisha mpaka kusi inaposhika. Tatizo la kampeni ni moja tu, shehena ya dhahabu imepotea bandarini na aliyeichukua anangoja kusi aondoke. Wakizurura, wakienda kisiwa cha jirani cha Songo Mnara kumtafuta shangazi wa mmoja wao (walienda kweli!), nakata wiki, na karatasi iko mezani kila mtu anaiona. Sikuwa na haja ya kumwambia mtu harakisha, wenyewe walianza kugombana, we jamaa tumebakiza wiki mbili unaenda kununua shanga?

Watu wa mji sikuwaandikia historia ndefu. Kila mmoja mistari mitatu, anataka nini, anaogopa nini, na asipoguswa na mtu wiki ijayo atafanya nini. Huo wa tatu ndo wenye kazi, yaani nikikata wiki napitia mistari ya tatu yote na mji unasogea wenyewe, karani wa bandari anahamisha mzigo, nahodha anaanza kuajiri mabaharia, mi nasoma tu. Ramani nayo sikubuni, magofu yapo. Kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali na lile bwawa lake la pembe nane, Msikiti Mkuu, bandari. Gereza, ile ngome, nililifuta maana Wareno wameiteka Kilwa na kujenga ngome 1505.

Kitu kilichokula muda kuliko vyote ni kikao cha kabla ya mchezo. Nilikuwa nimepanga adui awe jini, dada mmoja akasema kaka, mimi majini siyatajitaji usiku, na hakuwa anatania, na mwingine akamuunga mkono. Hapo hubishani na mtu. Nikaweka zimwi, lile la hadithi za bibi, ambalo hakuna anayeogopa litamfuata nyumbani. Utumwa tukakubaliana upo, unatajwa, ila hatuuchezi. Kwa zimwi nikachukua namba za ogre, jitu la kwenye kitabu cha mchezo, uhai 59 (kila pigo linaupunguza) na rungu lake wastani linatoa 13, na mhusika wa levo ya 1 wengi wana uhai kama 10 hivi, yaani pigo moja mtu yuko chini. Nikawaanzisha wote levo ya 3.

Halafu kuna Sultani. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha ametoka sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, akampa. Nikaiweka kama umbea wa sokoni, nimeitupia tu, nikasahau. Wiki ya mwisho imebaki, mlinzi hawaruhusu kuingia ghala la bandari, mchezaji wangu mkimya kuliko wote akasema nangoja Ijumaa namwomba Sultani kilemba chake, nikivaa hicho nani atanizuia? Nikampa namba 20 ya kufikia, akarusha, 18 na nyongeza yake 3, meza nzima ikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Saivi dhahabu wameipata ila mwizi kakimbilia kusini na wao wanataka wamfuate, kwa hiyo naandaa Sofala. Na kwa kuwa sarafu ya huyu huyu Sultani ilishaokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, nikiwapeleka mpaka kule bara hakuna wa kuniambia naongopa. Karatasi mpya ya wiki nimeshachora, safari hii wao ndo wanaingoja kusi iwarudishe Kilwa.