Jumamosi ya kuifuata fomu

Barua ya mwaliko ilisema semina ya siku nzima kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi, sisi tukiwa wakufunzi. Tulipofika Morogoro, Oktoba 2024, siku nzima ilikuwa imeshapunguzwa hadi masaa manne, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na meneja alitaka watu wake warudi kufunga hesabu za mwezi. Ilikuwa saccos ya wafanyakazi, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wastani tu, yenye watumishi 19. Orodha ya washiriki ilikuwa na majina 16. Waliokosekana ni dereva, mlinzi na mama wa usafi. Tulipoomba waongezwe meneja alicheka akasema hao hawashiki taarifa za mtu. Wakaongezwa shingo upande.

Haraka ya kipindi kile kila ofisi inaikumbuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, na taasisi za umma na binafsi zikaelekezwa ziwe zimejisajili ifikapo Desemba mwaka huohuo. Matokeo yake ofisi nyingi zilikuwa zinatafuta cheti. Jaza fomu, lipa ada, tundika ukutani pembeni ya leseni. Saccos hii nayo ilikuwa imefika hapo: usajili ulikuwa njiani, na semina ilihitajika ili pawepo na kitu cha kuandika kwenye kipengele cha mafunzo.

Siku tatu kabla, tuliomba vitu vitatu: nakala tupu ya kila fomu wanayotumia, majina ya mifumo na programu zote wanazoingizia taarifa, na picha za sehemu zote karatasi zinakokaa, hata stoo. Fomu zilikuja. Orodha ya mifumo ilikuja nusu, WhatsApp haikuwemo. Picha hazikuja kabisa. Kwa kazi hii, kile ambacho ofisi inashindwa kukuletea kabla ya semina ndicho cha kuanza nacho.

Dakika 40 za kwanza zilikuwa za slaidi, na zilikuwa mbovu. Mhusika wa taarifa ni nani, mkusanyaji ni nani, mchakataji ni nani. Watu waliandika kama wanafunzi wa darasa la saba, vichwa chini. Walichoamka nacho ni adhabu: anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, faini yake inaanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Ikiwa ni kampuni au shirika, faini ni milioni 1 hadi bilioni 5. Chumba kikanyamaza. Lakini hofu ina kasoro yake. Mtu akiogopa sana, siku akikosea anaficha, na hilo lilijitokeza masaa mawili baadaye.

Kisha slaidi zikazimwa, tukachukua fomu moja tu, ya maombi ya mkopo. Kurasa nne. Makundi manne ya watu wanne au watano, kila kundi likiwa na mtu wa dirishani, wa mikopo na wa uhasibu, na wale watatu walioongezwa wakagawanywa. Kazi ilikuwa kuifuata fomu hiyo kwa miguu, tangu mwanachama anapoingia getini mpaka karatasi inapokufa. Kila inaposimama, andikeni: nani ameigusa, kwa kazi gani, imekaa wapi, nakala ngapi zimezaliwa hapo, na inatakiwa kukaa mpaka lini.

Kundi la kwanza halikuvuka geti. Daftari la wageni lilikuwa wazi juu ya meza ya mlinzi: jina, simu, namba ya kitambulisho, anakwenda kwa nani. Kila mgeni anasoma waliomtangulia wakati anajaza. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Ukifunika jina kwa kidole, umri bado unausoma. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa nini anaandika namba hiyo wakati hajawahi kuitumia hata mara moja. Hakuna aliyekuwa na jibu, na safu ile ikafutwa siku ileile. Sheria inataka ukusanye kinachohitajika kwa kusudi ulilolitaja, basi.

Kundi la pili lilivuka barabara. Fomu ilihitaji kivuli cha kitambulisho na hati ya mshahara ya mwombaji na ya wadhamini wawili. Ofisi haitoi kopi, kwa hiyo mwanachama anaelekezwa steshenari ya jirani. Pale anatuma hati kwa WhatsApp ya steshenari au anachomeka flashi, inachapwa, analipa, anaondoka. Faili linabaki. Kwenye kompyuta ya yule kijana hati za mishahara zilikuwa zimelala pamoja na kadi za mwaliko wa harusi. Hilo si kosa la kijana. Ni ofisi iliyopanga utaratibu unaompitisha mwanachama kwake. Dawa iliyokubaliwa ilikuwa rahisi kuliko mjadala wake: mashine ya kopi ya ofisi isogezwe dirishani.

Kundi la tatu likagundua njia ya mkato ambayo kila mtu aliijua ila hakuna aliyewahi kuitaja. Afisa mikopo akiwa nje ya ofisi anapiga picha fomu kwa simu yake na kumtumia mhasibu kwa WhatsApp ili mkopo uende haraka. Picha moja inakuwa nne: kwenye simu ya afisa, kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe usiku, kwenye simu ya mhasibu, na kwenye kompyuta alikofungulia WhatsApp. Afisa mmoja alifungua simu yake mbele yetu akahesabu picha 200 na zaidi za vitambulisho vya watu, katikati ya picha za wanawe. Hapo tulikaa muda mrefu. Sheria yetu inaziweka taarifa za watoto, za afya, alama za mwili na miamala ya fedha ya mtu kwenye fungu la taarifa nyeti, na hizo zinahitaji ridhaa ya maandishi. Watu wa saccos walishangaa kusikia miamala imo, maana kwao miamala ndiyo mkate wa kila siku. Fomu yao ilikuwa na mstari chini kabisa, maandishi madogo: nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli zozote za chama. Neno "zozote" linaiua ridhaa hiyo. Mtu hawezi kuridhia asichoambiwa.

Kundi la nne ndilo lililokuwa na mama wa usafi, na ndilo pekee lililofika mwisho wa safari. Wenzake walikuwa wameandika kwamba fomu zilizoharibika na za maombi yaliyokataliwa "zinateketezwa". Aliwatazama, kisha akamgeukia meneja.

"Samahani bosi, haziteketezwi. Zinakaa stoo, zikijaa naambiwa nitoe. Mimi nampa yule mama wa karanga hapo nje, za kufungia. Zikizidi kuna kijana ananunua kwa kilo."

Meneja alikaa kimya kidogo. "Mama, tangu lini?"

"Tangu nimeanza kazi, bosi. Nilidhani mnajua."

Hakuna aliyemlaumu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa maelekezo tofauti. Lakini hapa pana mtego ambao semina nyingi zinaurukia. Watu wakishtuka wanataka kuchoma stoo nzima. Sheria za kodi zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na kuharibu taarifa binafsi kinyume cha sheria nako kunaadhibiwa. Kwa hiyo kwanza jedwali: aina ya karatasi, miaka ya kuitunza, nani anaidhinisha kuiteketeza. Kisha ndipo moto. Na moto wenyewe una ufundi wake. Rundo la karatasi likitupwa pipani kama lilivyofungwa huungua kingo, katikati linabaki jeupe na linasomeka. Lazima zitawanywe, zichochewe, na majivu yavunjwevunjwe kwa mti. Walinunua baadaye mashine ndogo ya kukata karatasi, ya kulishwa karatasi sita kwa mara moja, ambayo ilipata joto na kujizima kila baada ya dakika chache. Inafaa kwa takataka za siku. Kwa stoo ya miaka saba haifai.

Saa tano na nusu ikaja chai, na chai ikaleta ubao. Ulikuwa nje, pembeni ya dirisha la malipo: WADAIWA SUGU, majina 27, kituo cha kazi, kiasi, na baadhi na picha ya paspoti. Hakuna kundi lililouandika, ingawa wote walikuwa wameupita. Mkuu wa mikopo alikuwa mkali: ubao ukitoka, hela hazirudi. Tukamwomba rejesta. Kati ya 27, waliokuwa wamelipa tangu wabandikwe ni wanne, na watatu kati yao walikatwa kwenye mshahara na mwajiri. Aibu ilikuwa imeleta mmoja.

Wakati ule gumzo la mjini lilikuwa mikopo ya mitandaoni, zile programu zinazochota majina kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na mabosi wake ujumbe wa kumdhalilisha. Mwezi uliofuata Benki Kuu ilitangaza 69 zinazoendeshwa bila leseni. Pale ukumbini wote walizilaani. Keshia mmoja, binti mdogo ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza: "Sasa ubao wetu na hao wakopeshaji wa kausha damu wanatofautianaje?" Mkuu wa mikopo aliendelea kukoroga chai iliyokuwa imeshakorogeka. Njia halali zipo na si dhaifu: barua iliyofungwa kwa mdaiwa na kwa kila mdhamini wake, makato kwa mwajiri, kupeleka taarifa kwa taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na yote hayo yaandikwe kwenye fomu kabla mtu hajasaini.

Zoezi la mwisho lilikuwa la ajali. Flashi yenye jedwali la wanachama wote imesahaulika kwenye basi la Dar. Mna dakika 20. Mshiriki mmoja akasema haraka kwamba kuna masaa 72 ya kutoa taarifa. Hayo ni ya sheria ya Ulaya, na Kenya nao wanayo. Yamenakiliwa kwenye slaidi nyingi za kwetu bila kuangalia. Sheria ya Tanzania inasema Tume iarifiwe bila kuchelewa. Na zoezi likaharibika kwa namna mbili. Aliyecheza nafasi ya aliyepoteza flashi alikaa nayo dakika 12 akitafuta uhakika kwanza, kwa kuogopa ile miaka 10. Alipoamua kusema, afisa ulinzi wa taarifa aliyeteuliwa hakupatikana kwenye simu, alikuwa likizo kweli, na hakuwa na wa kumshikia. Tukaandika kanuni mbili na kuzibandika nyuma ya dirisha: sema ndani ya saa moja hata kama hujui ukubwa wa tatizo, na anayesema mapema hatapewa barua ya onyo kwa kusema. Meneja alisita kwenye ya pili. Akasaini.

Wakati huo orodha yetu ya mahudhurio ilikuwa inazunguka mikononi, ikiwa na safu za jina, simu na namba ya akaunti kwa ajili ya posho. Yule keshia aliishika, akaisoma, akaigeuza kifudifudi juu ya meza na kumwita mhasibu aje aandike mmoja mmoja. Tulistahili.

Mtihani wa maswali kumi mwishoni hatukuutoa, kwa sababu watu wakikaa bega kwa bega wote hupata tisa. Wiki tatu baadaye, kwa makubaliano na meneja peke yake, tulipiga simu dirishani mara nne kwa siku tofauti. "Naulizia salio la mke wangu, yuko safarini." Jibu lililofundishwa lilikuwa fupi: aje mwenyewe, au apige kwa namba aliyosajili, nasi tutampigia hiyo. Watatu walijibu hivyo, mmoja akiongeza pole ya safari. Wa nne alitaja salio mpaka senti. Alikuwa ameajiriwa wiki iliyotangulia, na hakuna aliyekuwa amemweleza lolote.