Mchwa wa Chidambaram

Siku ya kumi baada ya upasuaji wa goti, shangazi alianza kugombana na wapishi wa hosteli kuhusu chumvi. Nikajua amepona. Binti yake alikuwa ameshafika kutoka Dar kupokea zamu, na viza yangu ilikuwa bado na wiki moja. "Nenda ukatembee, mwanangu," shangazi aliniambia. "Umenikalia kama askari magereza."

Watu wa kwetu tunaokuja Chennai, kusini mwa India, huja kutibiwa au kuuguza. Mji tunaujua kwa dirisha la hospitali, duka la kubadilishia dola, na mgahawa ambao mpishi wake ameshajifunza kupunguza pilipili. Mimi nami ndivyo. Ila kitu kimoja kilikuwa kinanichokoza tangu wiki ya kwanza: barabara ya ufukwe wa Marina. Pale ambapo miji mingine ingeweka wapanda farasi wenye panga, wamesimamishwa washairi. Yupo Thiruvalluvar, yupo bibi Avvaiyar, yupo Kambar aliyeitunga upya hadithi ya Rama, shujaa wa Wahindu, kwa Kitamil, lugha ya huku, yupo Bharati na kilemba chake. Wapo hata wageni, kama Padri Beschi wa Italia, na Caldwell, ambaye mwaka 1856 alichapisha sarufi ya kulinganisha Kitamil na lugha ndugu zake. Sanamu hizo ziliwekwa 1968, mji ulipopokea mkutano wa pili wa dunia wa Kitamil.

Aliyenisimamisha zaidi ni Kannagi, maana huyo si mshairi hata kidogo. Ni mhusika wa utenzi wa kale uitwao Silappatikaram. Mumewe alikwenda mji wa Madurai kuuza kikuku kimoja cha mguuni cha mkewe, akauawa kwa kusingiziwa kwamba ameiba cha malkia. Kannagi akaingia baraza la mfalme na kikuku chake cha pili, akapasua mbele yao kile alichokamatwa nacho mumewe: ndani mlikuwa na vito vyekundu, na cha malkia kilikuwa na lulu. Mfalme alikufa palepale kwa aibu, na mji ukateketea kwa hasira ya mjane. Sanamu yake ilipoondolewa pale Marina mwaka 2001, watu walipiga kelele, na 2006 ikarudishwa. Nikajiuliza kwetu ni nani angeandamana kwa ajili ya mtu wa ndani ya utenzi.

Thiruvalluvar nilimkuta tena ndani ya basi. Kitabu chake, Tirukkural, kina beti 1,330 za mistari miwili miwili, na mabasi ya huku huandikwa ubeti mmoja mmoja nyuma ya dereva. Kijana niliyekaa naye alinifasiria wa siku hiyo: kutamka neno kali na hali tamu lipo, ni kula tunda bichi na bivu liko mkononi. Wakati huohuo kondakta alikuwa ananifokea kwa sababu nimempa noti kubwa na chenji hana. Kijana akamwonyesha ule ubeti kwa kidole. Kondakta akacheka, lakini chenji hakutoa.

Safari yenyewe ilianza kwa sababu ya kasha la babu. Babu alikuwa mtu wa Pangani, na kasha lake lilijaa tenzi na kasida za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alipofariki hakuna aliyelifungua. Siku tuliyolifungua, mwaka wa matanga ya bibi, tulikuta unga. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wakala kurasa zote wakaacha majalada, kana kwamba walijua sisi tutaangalia majalada tu. Mimi ni miongoni mwa waliopita mbele ya kasha hilo kila likizo.

Sasa, kule hosteli, kwenye simu, nilikuwa nimesoma habari za U. V. Swaminatha Iyer, ambaye Watamil humwita babu wa Kitamil. Alizaliwa 1855, akawa mwalimu wa chuo Kumbakonam. Mwaka 1880 hakimu mmoja alimuuliza amesoma vitabu gani. Akavitaja vyote alivyofundishwa, kimoja kimoja. Hakimu akamuuliza kama ameisoma Civaka Cintamani, utenzi wa kale wa Kitamil. Hakuwa ameiona maishani. Kitabu kilikuwa cha dini ya Wajaini, na yeye alikuwa Brahmini, Mhindu wa tabaka la makuhani, mwabudu wa mungu Shiva. Ikabidi abishe hodi kwenye nyumba za Wajaini wamweleze maana. Akakichapisha 1887. Kisha akatumia maisha yake kwenda kijiji hadi kijiji akitafuta miswada ya majani ya mvumo, ile iliyochorwa kwa kalamu ya chuma na kupakwa masizi ili maandishi yaonekane. Silappatikaram ya Kannagi aliitoa 1892. Kwenye hekalu moja aliambiwa kwamba miswada ya zamani wameshaitia motoni pamoja na samli, kama sadaka. Bila mzee huyo kuhangaika, ile sanamu ya Marina isingekuwa na hadithi ya kuitetea.

Kwenye habari hizo ndimo nilimoona jina Chidambaram, na neno mchwa.

Nikakata tiketi kituo cha Egmore, treni ya asubuhi. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alifungua kopo lake la bati, na mle ndani, naapa, mlikuwa na vitumbua. Duara zilezile, kingo za kahawia zilezile. Wao huita paniyaram, na unga wao ni wa mchele na choroko nyeusi uliochachushwa usiku. Huu wa kwake ulikuwa wa chumvi, na vitunguu na mbegu za haradali ndani. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba kwetu kuna chuma chenye mashimo saba. Akanionyesha kwamba chake kina saba pia. "Saptidu, thambi," akasema, kula, mdogo wangu. Huku hakuna mtu asiye na udugu: mkubwa kwako ni anna au akka, mdogo ni thambi, mzee ni thatha. Hilo halikunihitaji mkalimani.

Chidambaram ni mji mdogo uliozunguka hekalu kubwa. Milango minne yenye minara iliyojaa sanamu, viwanja vya mawe ambavyo saa nane mchana vinaunguza nyayo (viatu unaviacha nje, nami nilifika saa nane mchana), na makuhani wanaoitwa Dikshitar, wenye nywele ndefu zilizofungwa fundo upande mmoja wa kichwa. Shiva wa hapa anacheza. Ile sanamu ya shaba inayojulikana dunia nzima, mguu mmoja juu na duara la moto kumzunguka, nyumba yake ni hii.

Nilikaa kivulini na mwalimu mstaafu ambaye huja kila jioni kusikiliza nyimbo. Ndiye aliyenisimulia habari za chumba. Katika karne ya 7 na ya 8, watunzi watatu, Appar, Sambandar na Sundarar, walizunguka nchi nzima wakimwimbia Shiva kwa Kitamil cha watu, hekalu kwa hekalu. Miaka mia mbili au tatu baadaye, nyimbo zilikuwa zinasikika vipande vipande tu. Mfalme Rajaraja wa ukoo wa Wachola akataka zote. Akaambiwa miswada iko Chidambaram, ndani ya chumba kilichofungwa. Makuhani wakamjibu: chumba kitafunguliwa siku wenyewe watakapokuja kudai nyimbo zao. Wenyewe walikuwa wamekufa zamani. Mfalme akaagiza sanamu za wale watatu, akazipamba, akazibeba kwa maandamano mpaka mlangoni. "Hawa hapa," akasema. "Wamekuja."

Mlango ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na kichuguu.

Mwalimu aliposema neno hilo alipandisha mkono kuonyesha kimo chake, na mimi nikaona lile kasha. Walimwaga mafuta juu, wakafukua, wakatoa kilichobaki. Zimesalia nyimbo zinazokaribia 800. Wasimulizi wanasema sauti ilisikika ikimwambia mfalme asilie, maana kilichobaki ndicho kinachotosha kwa zama hizi. Mwalimu aliipenda sehemu hiyo. Mimi sikuipenda. Ni maneno ambayo hata mimi ningejiambia mbele ya kasha la babu, na yasingekuwa kweli.

Magharibi kengele zilianza. Katikati ya patakatifu kuna pazia, na likivutwa huoni sanamu. Unaona nafasi tupu, na mbele yake zimening'inia shada za majani ya dhahabu. Hiyo ndiyo siri ya Chidambaram: Mungu aliye anga. Nilisimama mbali, sikutaka kujifanya ninajua. Mtoto wa madrasa niliyezoea ukuta mweupe wa kibla, sikutegemea kwamba hapa, katikati ya sanamu zote zile, ningeonyeshwa pahali patupu.

Halafu mzee mmoja kifua wazi akaimba bila ala yoyote. Mwalimu aliniambia ni wimbo wa Appar. Akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kuimba Kitamil pale juu ya jukwaa la mbele ya patakatifu kulizua mgogoro mkali. Ibada rasmi ilikuwa ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao, na mwaka 2008 mzee aliyetaka kuimba alipandishwa chini ya ulinzi wa polisi. "Nyimbo zilitoka kwenye chumba hikihiki," alisema.

Thanjavur nililala usiku mmoja. Hekalu kubwa la Rajaraja, lililokamilika 1010, lina mnara wa mawe wa mita zipatazo 60, na watalii wote hutazama juu. Mimi niliinama. Kuta za chini zimechongwa maandishi mstari kwa mstari, na si dua: ni daftari. Wachezaji wanawake 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja na jina lake na nyumba aliyopewa, mtaa gani, upande gani. Waimbaji 48 wa nyimbo zilezile na wapigaji ngoma wawili, pamoja na posho yao ya mpunga ya kila siku. Napenda kufikiri kwamba mtu aliyewahi kufungua mlango akakuta kichuguu ndiye anayeamua kuandika mpaka mishahara kwenye jiwe.

Kutoka hapo nikashuka mpaka pwani, Nagore. Dereva wa bajaji (nilipoita bajaji hakunielewa, huku ni oto, ingawa jina Bajaj limeandikwa kwenye chuma mbele yake) aliniita anna, akajitangaza kuwa mwenyeji wangu kwa siku nzima. Alikuwa na mistari mitatu ya majivu kwenye paji la uso, mtu wa Shiva kabisa, na alikuwa anakwenda kwenye kaburi la walii bila wasiwasi wowote. Mama yake alimleta hapo kunyolewa alipokuwa mchanga. Kaburi ni la Shahul Hamid, walii wa karne ya 16, na lina minara mitano. Mrefu kuliko yote ulijengwa na Pratap Singh, mtawala Mhindu wa Thanjavur. Wanawake wenye kidoti usoni walikuwa wanainamisha vichwa ili wapunguziwe mashetani kwa manyoya ya tausi. Njiwa hawahesabiki. Tulipopita ufukweni alinionyesha mahali nyumba yao ilipokuwa kabla ya tsunami ya Desemba 26, 2004. Nikamwambia wimbi hilohilo, siku hiyohiyo, lilifika Dar likaua vijana waliokuwa wanaogelea. Alizima injini. Hakuwahi kusikia.

Kwenye uchochoro wa maduka ya ubani na kofia palikuwa na mzee wa Kiislamu anayeuza vitabu. Nilimuuliza kuhusu Umaru Pulavar, Mtamil wa karne ya 17 aliyetunga maisha ya Mtume kwa zaidi ya beti 5,000. Kabla mzee hajajibu, dereva alianza kughani: walikariri kipande shuleni. Umaru aliivalisha Uarabuni nchi yake mwenyewe, akaijaza mvua, mito na mashamba ya mpunga. Nilicheka, kisha nikakumbuka watunzi wetu wa tenzi, nao hawakuwa na aibu kuuhamisha ulimwengu wote mpaka Pate.

Mzee akainuka, akatoa chini ya meza kitabu cha karatasi za kahawia kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa cha mama yake. Nilikifungua, na mkono wangu ukapoa: herufi za Kiarabu, na irabu zake zote, lakini si Kiarabu. Baadhi zilikuwa na nukta za ziada kwa chini, zile sauti za Kitamil ambazo Mwarabu hana. Wenyewe huita Arwi. Babu alipoandika *cha* na *pa* naye aliongeza nukta zake.

"Soma," mzee akaniambia.

Nikasoma. Sikuelewa neno hata moja. Nilitoa sauti tu, kama mtoto wa juzuu ya kwanza, na kila nilipofika kwenye nukta za chini nilikwama, mzee akanisahihisha ulimi. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu. Herufi zile hakuzijua hata moja.

"Tan-nir," nikasoma.

"Thanneer!" akadakia. "Maji, anna. Maji!"

Nikaendelea. *Mugam*. Akapitisha viganja vyote viwili usoni. *Kai*. Akainua mikono, akaishika hadi viwiko, mzee akitikisa kichwa kwa furaha. Nikapapasa mstari uliofuata, taratibu, herufi kwa herufi, na kabla sijamaliza neno nilikuwa nimeshajua litakuwa nini. Dereva naye alikuwa ameshainama, anaigusa miguu yake.