Kibodi ya kufanyia kazi, kipanya cha kuonyeshea

Juni ikielekea ukingoni, saiba yetu hapa tao hugeuka ofisi ya ushuru. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ni tarehe 30, na Mkenya ni Mkenya: Januari hadi Mei viti viko wazi, wiki ya mwisho watu wanasukumana mlangoni. Leo tumefungua tukakuta foleni imeshafika ngazini, huyu ana fomu ya P9 ya mwajiri, ya mshahara na kodi iliyokatwa, aliyoikunja hadi ikawa kama risiti ya supamaketi, yule hana chochote ila simu yenye chaji asilimia nne.

Siku kama hizi vidole vyangu ndivyo hufanya kazi, kipanya karibu kinakaa tu. PIN ya mtu binafsi, yaani namba yake ya ushuru, huanza na A, zikafuata tarakimu tisa, ikamalizika kwa herufi nyingine. Ukiichapa kwa mkono huku mteja anakusomea, mahali fulani sifuri itageuka O. Kwa hiyo namwambia anitumie kwa WhatsApp iliyo wazi kwenye kompyuta yetu. Naibofya mara mbili, Ctrl+C kuinakili, Alt+Tab kuhamia dirisha la KRA, Ctrl+V kuibandika, Enter. Neno la siri analiandika mwenyewe, mimi nikitazama dirishani kana kwamba kuna jambo kubwa kule barabarani. Linabaki lile swali dogo la hesabu, ambalo wazee hupenda kulijibu kwa sauti kabla sijalisoma.

Chuo cha kompyuta nilichosomea hakikunifundisha hayo. Kule tulifundishwa menyu: fungua hapa, shuka pale, bofya. Njia za mkato za kibodi nilizipata kwa kumkodolea macho jamaa niliyemkuta kazini, maana alikuwa mchoyo wa maneno ila vidole vyake havikuwa na siri. Kwake ndiko nilikoiona Shift+F3, inayobadili herufi kubwa kuwa ndogo ndani ya Word. Ukiwa mtu wa saiba Nairobi utaihitaji hiyo kuliko chakula cha mchana, kwa sababu nusu ya wasifu wa kutafutia kazi huletwa umeandikwa wote kwa herufi kubwa, kuanzia jina hadi wadhamini. Na mweka hazina wa chama akija na daftari lake la Excel, Alt na alama ya sawasawa inamjumlishia safu nzima kabla hajakaa vizuri. Ukutani tuna bango lenye orodha ndefu ya mikato hii. Sijawahi kumwona mtu akilisoma. Mtu hujifunza mkato wa ile kazi inayomchosha, mingine inapita tu.

Hebu tazama Z, X, C na V zilivyopangana chini kushoto, jirani na Ctrl. Ukizibonyeza pamoja na Ctrl, Z inatengua, X inakata, C inanakili, V inabandika, na hazikuwekewa kazi hizo kwa bahati. Larry Tesler na Tim Mott walikuwa wakitengeneza programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy, huko Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, California, katikati ya miaka ya 1970, na kukata na kubandika tunakokujua leo kunatoka kwenye kazi yao. Tesler akahamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983 herufi hizo nne zilikuwa zimeshapewa majukumu. Alikuwa mtu wa msimamo mmoja: kitufe kisibadilike maana kwa sababu tu programu iko katika hali nyingine, mtumiaji asichanganyikiwe. Hadi namba ya gari lake ilibeba ujumbe huo. Angekuwa wa hapa angeupaka kwenye matatu. Alifariki Februari 2020.

Namtaja kwa sababu ya mama mmoja wa leo. Mama wa makamo, kitenge, miwani ikining'inia kifuani. Nilikuwa katikati ya mwendo wangu, dirisha linaingia dirisha linatoka, akanishika mkono.

"Kijana, hebu ngoja. Hapo umefanya nini?"

"Nimenakili PIN yako, mama."

"Mimi sijaona ukinakili. Nimeona kitu kikiruka."

Hakuwa ananishuku, sidhani. Alikuwa anasema kweli tupu. Vidole vikibonyeza, mtu aliye kando haoni chochote ila matokeo. Mshale wa kipanya unasafiri, na jicho linaufuata: ulitoka hapa, ukafika pale, ukabofya hiki. Basi nikakishika kipanya. Nikarudi nyuma, nikaanza kumpeleka polepole ukurasa kwa ukurasa, watu nyuma yetu wakiguna. Akavaa miwani, akawa anagusa kioo cha skrini kwa kidole kila mstari anaousoma, jina, simu, kisha akasimama kwenye sanduku la posta.

"Hii si yangu tena. Hii ni ya kule nilikokuwa nikifanya kazi."

Taarifa hiyo ilikuwa imekaa hapo kimya muda mrefu, na kwa mwendo wangu ingeendelea kukaa. Tangu hapo hadi tunafunga nimekuwa nikibadilisha: sehemu za kuchapa natumia kibodi, sehemu ambazo mwenye mali anapaswa kuona natumia kipanya. Foleni ilinung'unika. Acha inung'unike, ni ushuru wao.

Kuna na upande mwingine usioonekana. Ulichonakili kinabaki kwenye kompyuta mpaka unakili kingine juu yake au uizime, na Windows+V, ikiwa imewashwa, inafungua historia ya vilivyonakiliwa. Kwenye kompyuta yako ya nyumbani hiyo ni raha. Kwenye mashine inayokaliwa na watu wa kila aina ni hatari, kwa hiyo kwetu imezimwa, na kila mteja akiinuka mimi hunakili neno lolote la upuuzi ili lifunike PIN yake. Kufunga kichupo (tab) cha kivinjari nako si kutoka kwenye akaunti. Ctrl+Shift+T inakirudisha kichupo kilichofungwa, na kama mtu hakutoka rasmi, anayekaa baada yake anaweza kumkuta yumo. Ndiyo maana kila mteja namfungulia dirisha la faragha la Chrome kwa Ctrl+Shift+N, na tukimaliza anatoka kwenye akaunti huku nikimwangalia, kisha nayafunga madirisha yote ya aina hiyo. Nikienda kuchukua karatasi kwenye printa, Windows+L, skrini inajifunga. Huo mkato ningewafundisha watu wa kwanza kabisa, kabla ya Ctrl+C.

Jioni nimemwambia mwenye saiba atununulie skrini ya pili, tuigeuze imwelekee mteja. Ukibonyeza Windows+P ukachagua kuonyesha kitu kilekile kwenye skrini zote mbili, mama kama yule atasoma kwa nafasi yake bila kunilalia begani. Ameniuliza bei, akanyamaza, akasema tuzungumze Julai.